Sentimita za Ukuta wa Chumbani

Aprili 21

Dada, niwie radhi. Daftari hili ulinishonea kwa mkono wako, ukalikunja ndani ya furushi la vitambaa, ukaniagiza niandike tangu tone la kwanza la mvua ili nikikurudishia ujue tunaishije. Tone la kwanza lilianguka zaidi ya mwezi sasa. Sina kisingizio ila Kifungo, anayeota meno mawili kwa mpigo na hataki kuwekwa chini. Hata sasa amelala kifuani kwangu, na mkono wa kushoto umekufa ganzi.

Uliyoyakosa ni haya. Mvua imeingia chumbani, na haikupita mlangoni wala dirishani. Mfereji wa bati wa ukingoni mwa paa umepasuka tangu mwaka juzi, maji yanateremka nyuma ya plasta, na ukuta wa upande wa kitanda cha mtoto umelowa kuanzia darini kushuka chini. Mwenye nyumba wetu, ambaye wapangaji wote tunamwita Bwana Wiki Ijayo (mbele yake ni mzee), alikuja siku moja ya jua kali, akapapasa kwa vidole viwili, akasema, "Unyevu gani, mama Kifungo? Mbona pakavu?"

"Juzi palikuwa pamelowa, mzee."

"Juzi si leo."

Akajifuta vidole kwa leso yake, kana kwamba kuna kitu cha kufuta, akaenda zake.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nachukua penseli na kuufuata ukingo wa maji ukutani, pale hasa majimaji yanapokutana na pakavu. Pembeni naandika tarehe na sentimita ulizoshuka kutoka darini. Akija tena siku ya jua, atasoma mwenyewe. Ndivyo ilivyoanza, dada. Sikuwa na wazo la picha yoyote, nilikuwa na hasira tu.

Aprili 22

Sentimita 41. Kifungo hakulala, na mimi usiniulize.

Aprili 25

Sentimita 44. Leo nikuambie la picha, maana najua utacheka.

Ukinyonyesha saa nzima ukiwa umeukabili ukuta, unaanza kuuona. Mistari yangu ya penseli imekuwa mingi na hakuna miwili inayofanana. Mmoja unashuka pole pole halafu unadondoka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi. Mwingine unazunguka msumari tunaotundikia kapu, kama unauogopa. Chini ya msumari kuna kutu, nyembamba, rangi ya chai iliyokolea. Rangi ya zamani imevimba malengelenge, na palipopasuka chumvi nyeupe imechipua, laini kuliko unga. Nimekaa chumba hiki miaka miwili na nilidhani huo ni ukuta tu.

Nikatoa ubao wa kwanza, nikautandazia kitambaa chako cha mapazia, nikapaka. Unakumbuka miaka yangu mitatu kwa fundi wa mabango kabla ya ujauzito, nikiandika Duka la Dawa na Usikojoe Hapa. Pale nilijifunza kupaka rangi ikalala sawa na kukata ukingo usiotetemeka. Hiyo ndiyo elimu yangu yote ya rangi. Nimechanganya masizi, majani ya chai, kutu niliyoikwangua kwenye bati, na bluu ya kufulia kidogo sana. Sikuchora nyumba, mtu wala ua. Nimechora ukingo peke yake, na upande wa kulia nimeuacha mtupu kwa sababu maji hayajafika huko.

Mama mkwe alikuja na ndoo, akasimama.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ukingo wa maji, mama."

"Na watu wako wapi?"

"Hakuna watu."

"Basi bado hujaanza," akasema, akaenda kupiga deki.

Aprili 30

Sentimita 52. Mvua siku nne mfululizo. Nepi hazikauki, nazitandaza juu ya sufuria ya moto. Picha ya pili imekauka kabla ya nepi.

Mei 2

Sentimita 58, na umeanza ukungu, vidoti vya kijani cheusi kama mtu aliyerusha brashi.

Kifungo amekohoa mpaka akatapika. Nimempeleka zahanati nikiwa nimemfunika kwa koti la baba yake. Muuguzi amesikiliza kifua, akaniuliza tunalala chumba cha namna gani. Nikamwambia. Akanitazama kama mimi ndiye niliyepasua mfereji.

Nyumbani mama mkwe hakuniuliza muuguzi kasema nini. Alimpokea mtoto, akamsugua mgongo, akasema taratibu, bila kunitazama, "Mimi naona kuna mtu anaupenda ukuta kuliko mtoto."

Dada, niliingia chooni nikafunga mlango, nikauma kanga. Mimi? Mimi niliyesogeza kitanda katikati ya chumba peke yangu, mgongo ukalia? Mimi ninayesugua ukungu kwa siki kila jioni, vidole vimechunika, nikikwepa mistari ya penseli tu kwa sababu ndiyo ushahidi pekee tulio nao? Nilipotoka nilimwambia kwa adabu kwamba kuanzia leo Kifungo alale chumbani kwake, upande mkavu. Akasema sawa. Akasema pia nile.

Baba Kifungo alirudi kutoka kiwanda cha mikate na unga kwenye nyusi. Nikamwambia sasa tuandike barua. Akasema, "Tusimkere mzee, mke wangu. Tukimkera atasema tuhame, na mvua hii tutahamia wapi?" Kila mtu nyumba hii ana sababu nzuri ya kunyamaza.

Picha ya tatu ni ya leo. Nimeipaka kwa haraka na kwa ghadhabu, na ndiyo nzuri kuliko zote.

Mei 6

Sentimita 61.

Amekuja mgeni. Ni mratibu wa ukumbi wa maktaba, kijana mpole mwenye miwani inayoning'inia shingoni. Bosi wangu wa zamani, fundi wa mabango, ndiye anayeandika bango la maonyesho yao, akamwambia kuna mama mmoja nyumba za nyuma anachora "vitu visivyosemeka". Kaingia na viatu, akapiga magoti mbele ya zile tatu. Nakubali nilifurahi. Tangu nimeolewa hakuna mtu aliyewahi kupiga magoti mbele ya kitu nilichokitengeneza, ila kukitafutia kifuniko.

"Umesoma chuo?"

"Hapana."

"Inaonekana. Afadhali hivyo. Una usafi."

Usafi, na nilikuwa na matapishi ya mtoto begani. Anataka saba, ufunguzi Mei 25. Akauliza majina. Nikamwambia kila picha inaitwa kwa tarehe na kipimo chake: Aprili 25, Sentimita 44, na kuendelea. Akatabasamu kama unavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Tutalizungumza," akasema.

Mei 9

Sentimita 63. Picha ya nne.

Mei 10

Kifungo jino moja limetoka. Limetoka na kelele zake.

Mei 13

Sentimita 66. Picha ya tano na ya sita. Mama mkwe anashinda na mtoto ili nipake. Anaacha chai mlangoni na kugonga mara moja.

Mei 17

Utanisamehe mwandiko.

Asubuhi nilitoka na Kifungo kwenda zahanati kukaguliwa kifua. Foleni ilikuwa ndefu, nikarudi mchana. Tangu kwenye ujia harufu ya rangi mbichi ikanipokea. Nikafungua mlango. Ukuta ni mweupe. Mweupe wote, dada, kuanzia darini mpaka sakafuni, umepakwa juu ya maji, juu ya chumvi, juu ya ukungu, juu ya siku zangu thelathini na zaidi za penseli. Hata msumari umepakwa.

Mama mkwe alikuwa amekaa juu ya kitanda, uso umemng'aa.

"Umeona? Mzee kaleta mpakaji mwenyewe. Nimempa na chai."

"Nani kamruhusu?"

"Mimi. Si umelia siku zote ukuta utengenezwe?"

"Wametengeneza mfereji?"

Akanyoosha shuka.

"Mama, nakuuliza, kuna mtu aliyepanda juu ya paa?"

"Sikuona ngazi," akasema.

"Basi wamepaka rangi juu ya maji. Umempa chai mtu aliyekuja kufuta ushahidi wetu."

"Mimi niliona mtu na ndoo. Nikaona mjukuu wangu atapona. Hayo ya ushahidi ni yako na penseli yako."

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Mengine yalikuwa ya kweli na mengine yalitafutwa yaume tu. Aliinuka, akamchukua Kifungo mikononi mwangu kwa upole kabisa, akatoka. Nilibaki nimeukodolea macho ule weupe. Mwenye nyumba hakutuma fundi kwa muda wa misimu mitatu. Alituma siku kumi na moja baada ya mratibu kuja na watu wa nyumba nzima kujua kwamba naandika tarehe ukutani. Asiniambie ni bahati.

Halafu jambo moja likanijia polepole. Zile picha sita ziko chini ya kitanda. Hakuna mahali pengine duniani palipobaki pameandikwa ukuta ule ulikuwaje Mei 2.

Mei 18

Hatusemezani. Anagonga mara moja, chai iko mlangoni.

Mei 20

Rangi nyeupe imevimba. Lengelenge la kwanza liko juu ya mahali pa msumari, kubwa kama kikombe. Nimelitoboa kwa pini, maji yakatiririka mpaka kiwikoni. Nimechora picha ya saba: nyeupe tupu, na kuvimba kumoja. Mei 20, Sentimita Hazipimiki.

Mei 23

Jana baba Kifungo alizipeleka picha ukumbini kwa mkokoteni, amezifunika kwa nailoni. Leo nimeenda kuona zilivyotundikwa. Zimetundikwa vizuri, siwezi kusema uongo, kwenye mwanga mzuri kuliko mwanga wowote niliowahi kuwa nao. Chini ya kila moja kuna kadi yenye herufi za dhahabu. Ndoto ya Kwanza. Ndoto ya Pili. Mpaka ya Saba.

Nikamtafuta mratibu, nikamkuta anapanga viti.

"Ndoto ya nani?"

"Dada yangu, ni ya mtazamaji. Tarehe na sentimita zinamfunga mtu. Ndoto inamfungua."

"Mimi sijaota. Sijalala tangu Kifungo azaliwe, nitaota saa ngapi?"

Akacheka, akadhani ni utani. Nikamweleza yote: mfereji, penseli, kifua cha mtoto, ndoo ya rangi. Nikamwambia hizo tarehe ndizo kitu pekee kilichobaki. Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akasema kadi zimeshachapwa, kijitabu kimeshachapwa, na tena, akapunguza sauti, kuna watu waliotusaidia ambao hawapendi maonyesho yageuke malalamiko.

"Watu gani?"

"Mathalani mzee aliyetuazima viti hivi vyote."

Dada, viti vyenyewe navifahamu. Viko mia moja, hupangwa kwenye stoo kavu kuliko zote pale nyumbani kwetu. Bwana Wiki Ijayo ana paa zima kwa viti vyake.

Jioni nimechukua vibao saba vya mbao laini, nimeandika kwa mwandiko wangu wa mabango, mweusi juu ya krimu, tarehe na vipimo. Sijapoteza mkono.

Mei 25

Nitajaribu kukueleza kwa mpangilio.

Tulienda wote. Mama mkwe nilidhani hatakuja, nikamkuta mlangoni amevaa kanga zake za sherehe, Kifungo mgongoni. "Nimbebe mimi, wewe una shughuli," akasema. Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza tangu siku ile. Vibao nilivibeba kwenye mkoba wa nepi.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu mmoja aliwasimulia wenzake kwamba Ndoto ya Tatu ni nafsi inayojitafuta. Mwanamke mwenye miwani mikubwa akasema yeye anaona ramani ya utoto wake. Nilisimama pembeni kama mtu aliyepotelewa na mzigo kituoni na kila abiria anasema ni wake.

Bwana Wiki Ijayo aliingia na mratibu, wameshikana mikono. Hakunitambua. Nafikiri hajawahi kunitazama juu ya mabega. Akapita ya kwanza, akapita ya pili, kwenye ya tatu akasimama, akaweka mikono nyuma.

"Hii," akasema, "hii inanituliza. Hii ningeiweka sebuleni."

Mama mkwe alikuwa amesogea nyuma yake, anamtikisa Kifungo. Hajawahi kuiona picha ile ikiwa imekamilika, maana baada ya Mei 2 hakuingia chumbani nikipaka. Akainamisha kichwa. Akasogea mpaka akamgusa mzee bega.

"Mbona huu ni ukuta wa kitanda cha Kifungo?" akasema.

Watu wakageuka.

"Huu hapa msumari wa kapu. Hii kutu yake. Hapa ndipo ukungu ulipoanza." Alikuwa anasema taratibu, kidole hewani, bila kugusa. "Hii ni siku ile Kifungo alipotapika. Tarehe mbili. Mwezi huu wa tano, tarehe mbili."

Hakuwa ameona kibao chochote, dada. Kadi ilisema Ndoto ya Tatu, na hata hiyo hawezi kuisoma bila miwani. Aliusoma ukuta wenyewe.

Mzee akacheka kidogo. "Mama, hii ni sanaa."

"Ndiyo, baba. Nami nimelala nayo nyumba moja."

"Ukuta upi unaousema?"

"Wako. Ule uliotuletea rangi, nikakupikia na chai. Umevimba. Njoo uuguse kesho, usingoje jua."

Yule mwalimu wa nafsi akafungua kijitabu, akakifunga. Mwenye nyumba sasa akanitafuta kwa macho, akanipata, na nadhani ndiyo siku aliyonijua sura.

Mratibu akanifikia. "Dada, tafadhali, mtulize mama."

"Ametulia," nikasema. "Hujawahi kumwona asipotulia."

Kisha nikafanya nililokuja kulifanya. Nikabandua kadi za dhahabu moja moja, nikazipanga kiganjani mwake kama karata. Nikatoa vibao vyangu. Nikamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba picha zinaitwa hivi au zinarudi nyumbani. Akamtazama mzee. Mzee alikuwa anatazama viti vyake. Mratibu akasema, "Basi zirudi."

Nilijua atasema hivyo, lakini iliniuma kama sikujua. Nilitaka sana zikae pale kwenye ule mwanga, tena nilitaka watu wazitazame wiki nzima. Baba Kifungo, yule wa tusimkere mzee, akasogea ukutani. Alivua koti, akashusha picha kubwa nne, akaziegemeza kifuani. Akampita mwenye nyumba karibu sana, akasema, "Samahani, mzee, nipishe, mzigo huu ni wa ukuta wako." Nikamwona tena yule kijana aliyekuja kunichumbia na viatu vya kuazima.

Njiani mvua. Mama mkwe alizifunika picha kwa kanga zake za sherehe, zote mbili, akatembea na gauni la ndani na Kifungo chini ya sweta. Nikamwambia, mama, nisamehe yale maneno. Akasema, "Yapi? Kuna mengine yalikuwa ya kweli."

Mei 26

Tumezitundika ujiani, pale katikati ya vyumba, mahali pakavu. Kila anayepita lazima azipite. Vibao vyote saba viko mahali pake.

Mei 28

Fundi viatu wa chumba cha mwisho amesimama mbele ya Mei 2 na kiatu cha mtu mkononi, kisha akaniuliza kama naweza kumwazima penseli.

Mei 31

Sentimita 70 kwetu, ukingo umetokeza tena juu ya ule weupe. Kwa fundi viatu 33. Kwa mjane wa chumba cha tatu 48, naye ameandika tarehe kwa makaa kwa sababu penseli ilikuwa kwa jirani. Mapacha wa dobi wamechora mstari wao kwa kalamu nyekundu na kuupamba masikio, nimewaacha, ukingo wenyewe uko sahihi.

Juni 2

Mwenye nyumba amekuja. Alisimama ujiani, akasoma vibao vyote saba, midomo ikitembea. Mama mkwe akamletea kigoda. Akakataa kukaa. Akaniuliza, bila kunitazama mabegani safari hii, kama na vyumba vingine navyo vitachorwa.

"Inategemea mvua, mzee," nikasema.

Hajatuambia tuhame. Ngazi pia hajaileta. Mimi sitaki tena kumngoja wala kumtukana. Vyumba ni sita, mvua haijaisha, na kazi ninayo.

Daftari limefika mwisho, nalituma kesho kwa dereva wa lori la mikate. Akirudi, nifungie haya:

kitambaa kizito cha mapazia, kisichotiwa rangi, vipande sita, kila kimoja upana wa mikono yako miwili ukiinyoosha;

gundi ya mbao, kopo dogo;

bluu ya kufulia, pakiti mbili, ile isiyo na harufu;

brashi bapa ya inchi moja, na nyingine nyembamba ya herufi, nywele zake zisiwe za plastiki;

futi ya kushonea, ile yako ya zamani inatosha, ilimradi sentimita zinasomeka;

sweta ya Kifungo, miezi kumi, ya kufunika kifua mpaka shingoni;

kanga moja ya sherehe ya mama mkwe, nyekundu, maana ile imeshika rangi ya kutu na haitoki;

na penseli ngumu, sita, zilizochongwa kabisa, kila chumba na yake.